Tyubu Niliyoimwaga Muyinga

Ninyi wajukuu zangu, na ninyi vijana wengine mtakaoshika daftari hili, kaeni chini na msome hadi mwisho. Wako kati yenu wanaomeza kidonge kila jioni huku wamenuna. Mnasema, "Bibi, sisi ni wembamba, tunacheza mpira, hatuumwi, kidonge cha nini?" Na mnauliza mkiwa mmesimama mlangoni, mguu mmoja uko nje. Swali hilo halijibiwi hivyo. Mi nimefanya kazi ya damu zaidi ya miaka arobaini, Gitega na Muyinga, na shule nilisoma miaka mitatu tu. Nitaandika kama ninavyosema. Anayetaka Kiswahili cha redio akawashe redio.

Nilianza kazi hospitalini Gitega mwaka uliofuata uhuru wa Burundi. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Baba yangu alikuwa fundi viatu katika mtaa wetu wa Waislamu, na masista wa misheni ya Mushasha walimletea viatu vyao avitie soli. Mmoja wao akamwambia hospitali inatafuta msichana wa kuosha vyombo vya vioo. Baba akauliza jambo moja tu: nitavuliwa mtandio? Sista akasema hapana, mtandio ni mzuri, unazuia nywele zisianguke kwenye damu za watu. Basi nikapata kazi kwa ajili ya viatu na mtandio.

Niliwekwa labo. Labo ndipo damu, mkojo na choo vinapopimwa. Mkubwa wake tulimwita Shefu wa Labo, Mkongomani wa Kivu ya Kusini, mrefu, Mprotestanti, shati lake limepigwa pasi hata mfuko. Siku ya kwanza alinipa kikapu kimejaa tyubu. Tyubu ni kichupa chembamba cha kioo, urefu wa kidole, hakina shingo. Niliosha zote, nikazipanga zinang'aa, nikasimama pembeni kama bibi harusi. Shefu akachukua moja akaiinua dirishani.

"Weye binti, hii umeosha?"

"Ndiyo, shefu."

"Na sabuni, uliitoa?"

"Niliitoa."

"Hapana. Sabuni iko mule, inalala. Kesho mutu atakuja, damu yake itakutana na sabuni yako, itapasuka, na mi nitamuambia iko mugonjwa. Kumbe mugonjwa ni weye. Rudisha zote."

Niliziosha mara tatu siku hiyo. Nilifika nyumbani ngozi ya vidole imejikunja kama ya mtu aliyetolewa mtoni, nikalia. Mama akasema nisirudi tena kwa Mkongomani huyo. Kesho yake nikarudi. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza kuniambia kwamba kosa langu linaweza kumgusa mtu nisiyemjua.

Baada ya miaka miwili ya kuosha, alinisogeza karibu na santrifuji. Hiyo ni mashine ya kuzungusha damu. Unaiacha damu kwenye tyubu igande kidogo, unaizungusha kwa kasi, na vile vizito vinashuka chini. Ukiitoa, chini kuna wekundu mzito na juu kuna maji ya manjano yanayoitwa seramu. Seramu ndiyo inayopimwa.

Shefu akanipa tyubu mkononi. "Unaona nini?"

"Naona damu, shefu."

"Damu hata mbuzi iko nayo. Unaona nini?"

Nikatazama tena. Nikasema chini ni nyekundu, juu ni kama chai ya rangi iliyozidi maji. Akacheka kwa mara ya kwanza. "Bon, muzuri. Sasa umeanza kazi."

Alinifundisha kusoma kwa jicho. Nawaeleza hili vizuri kwa sababu ndilo lililonipa heshima na ndilo lililoniangusha. Dawa za kupimia zilikuwa chache, zilitoka mbali, mara nyingine zilikwisha miezi mizima. Kwa hiyo kabla ya kupima tulitazama. Seramu ikiwa na wekundu, damu imepasuka, umeichukua vibaya, rudia. Ikiwa ya manjano makali kama binzari, mwangalie mgonjwa macho na umwambie dokta kuhusu ini. Na ikiwa nyeupe, imechafuka kama maziwa yaliyotiwa maji, hayo ni mafuta.

Jicho langu lilikuwa kali. Nilimwona mtu kabla hajafungua mdomo. Mfanyabiashara mmoja mnene alikuja kupimwa, aliambiwa aje hajala tangu jana yake. Nikamtoa damu, nikaizungusha, ikatoka nyeupe tupu.

"Mzee, asubuhi umekula nini?"

"Mi? Sijala kitu, wallahi."

"Hata kidogo?"

"Hata maji."

Nikamwekea tyubu mbele ya pua. "Mzee, humu naona mchuzi wa mbuzi. Kama unataka nikuambie na vitunguu vilikuwa vingapi, nitakuambia."

Akashika kofia yake, akastaajabu kwa Kirundi. "Yampaye inka! Huyu mwanamke ni mchawi!" Akaondoka akarudi kesho yake na njaa ya kweli. Tangu siku hiyo wagonjwa waliniogopa, na madokta walianza kusema, "Mpelekeeni Radhia aitazame kwanza." Niliipenda sauti hiyo. Sitadanganya. Nilitembea Gitega nikiwa na jicho langu kama mtu mwingine anavyotembea na saa mpya.

Kipimo cha kolesteroli kilikuwepo, lakini kwa wakubwa. Kolesteroli ni aina ya mafuta ambayo mwili wenyewe unaitengeneza, kwenye ini, na nyingine inatoka kwenye chakula. Mwili unaihitaji, ikizidi ndipo inaleta shida ya moyo. Dokta Mkuu, Mzungu wa mwisho mwisho tuliyebaki naye, aliagiza kipimo hicho kwa watu wenye magari. Tuliweka seramu, tukatia asidi kali kidogo kidogo, na ile seramu ikaanza kugeuka: kwanza waridi, kisha samawati, kisha kijani. Kijani kikikolea sana, kolesteroli ni nyingi. Asidi hiyo ilinitoboa gauni mara mbili. Lakini rangi ile, wanangu! Leo mashine inakohoa karatasi yenye nambari na hakuna anayeona kitu. Kijani kile nimekikosa hata sasa, nikikaa kibarazani naweza kukiona.

Wakati huo nilikuwa nimeolewa na Issa, fundi cherehani, babu yenu ambaye hamkumwona. Alikuwa mwembamba, mwenyewe akisema angeweza kuning'inizwa dukani na suti juu yake. Kwenye kope zake, upande wa pua, alikuwa na vidoa viwili vya manjano, bapa, kama tone la siagi lililoganda. Mi niliona ni urembo. Nikimfanyia utani nilivigusa kwa kidole, naye akifumba macho. Na nyuma ya visigino, ule mshipa mgumu unaopanda kwenye mguu, kwake ulikuwa mnene na una vinundu. Viatu vilimuumiza pale, akawa anavikanyaga nyuma. Baba yangu fundi viatu alikasirika.

"Mkwe wangu, mi nashona, we unabomoa?"

"Baba, shida ni kisigino. Mungu alikiumba cha tembo."

Mwishowe Baba akawa anamkatia viatu nyuma, kimoja kimoja, kwa saizi ya vinundu vile. Fikirieni hilo. Mshona viatu aliona. Mke aliona, kila siku. Na mke huyo alikuwa mtu wa labo.

Baba yake Issa alianguka njiani akafa hajafika miaka arobaini na tano. Kaka yake mkubwa alikufa akicheka kwenye harusi ya mtu. Nyumbani kwao walisema ni sumu. Kwetu mtu mwembamba, mwenye nguvu, akianguka ghafla, jina la kwanza linalotajwa ni sumu, na la pili ni jirani.

Miaka mingine ilipita juu ya nchi hii ambayo siiandiki hapa. Nikahamishiwa Muyinga, niwe msaidizi wa labo. Mkubwa wetu pale alikuwa Asistenti Mediko, si dokta kamili lakini alifanya kazi ya dokta kwa sababu dokta hakuwepo. Labo ilikuwa chumba kimoja, hadubini moja, na santrifuji ya mkono: unafunga tyubu mbili, unazungusha mpini kama mtu anayesaga kahawa, na unahesabu moyoni. Ukichoka kabla ya wakati, damu haijatengana. Mkono wangu wa kulia mpaka leo ni mnene kuliko wa kushoto.

Nilikuwa na furaha Muyinga kuliko mahali popote. Nilienda kwa miguu vilima vya Gasorwe na Mwakiro na boksi la vioo, kuchukua damu za homa ya malaria, kilima hadi kilima, watu wanapalilia maharage na wananisalimu kwa jina. Issa alikuja na cherehani yake na watoto wetu wawili, Saidi na Halima, akakaa karibu na soko, akashona sare za shule. Siku za soko alifunga sare mgongoni, akapanda nazo Gasorwe. Mara nyingine tuliondoka pamoja, mi na damu, yeye na kaptula. Alinitania njia nzima.

"Radhia, wewe unawatoboa watu, mi nawaziba. Nani atakwenda peponi?"

"Anayefunga mdomo."

"Basi sote tumekosa."

Kisha akaanza kusimama kwenye mteremko. Anapanda kidogo, anasimama, anajifanya anatazama mashamba. Mi nikadhani anatazama mashamba. Siku moja nikamwuliza.

"Baba Saidi, kuna nini?"

"Kifua kinabana. Nikipumzika kinaachia."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilipokatika. Ni gesi tu. Maharage yako haya."

Nilimpeleka labo asubuhi yake kabla hajanywa chai. Nikamtoa damu mwenyewe, nikazungusha mpini mwenyewe. Muyinga hatukuwa na dawa ya kupimia kolesteroli, lakini gari la hospitali lilikwenda Gitega kila wiki, na Shefu wangu wa zamani alikuwa bado pale. Kama ningefunga tyubu ile kwa pamba na kuandika karatasi, angeipima. Angeipima siku hiyo hiyo, kwa ajili yangu. Asistenti Mediko aliniuliza mlangoni, "Mama Saidi, hiyo ya mumeo inakwenda Gitega?"

Nikaiinua tyubu dirishani. Seramu ilikuwa safi. Safi kabisa, ya manjano ya kung'aa, ungeweza kusoma gazeti upande wa pili. Sijawahi kuona damu nzuri kama ile.

Nikasema, "Hapana, Asistenti. Hakuna mafuta humu. Mtazame alivyo, mafuta yatakaa wapi?"

Yeye Issa akacheka. Asistenti akacheka. Nikaimwaga kwenye sinki, nikafungua bomba, nikaiosha tyubu vizuri kama nilivyofundishwa.

Miezi mitano baadaye alipanda Gasorwe na sare. Alipita kwa mteja wake, Mama Esperansi, mkulima, akapewa kikombe cha uji. Alipotoka pale hakufika sokoni. Watu wa kilima walimleta kwenye ingobyi, machela yetu ya kubebea wagonjwa, wakipokezana mabega, na mtu mmoja nyuma amebeba furushi la sare, halikupotea hata kaptula moja. Alikuwa na miaka arobaini na moja. Saidi alikuwa na kumi na miwili, Halima tisa.

Dada zake walisema sumu. Na mi, mtu wa labo, niliwaamini, na nitawaambia kwa nini: nilikuwa na ushahidi. Nilikuwa nimeona damu yake kwa macho yangu, ni safi, haina ugonjwa. Mtu mwenye damu safi haanguki bure. Basi ni uji. Tangu siku hiyo sikumsalimu Mama Esperansi. Alikuja msibani na maharage, nikayarudisha. Alinipa mkono hospitalini, nikauangalia mkono wake hadi akauondoa. Mwanamke yule alitengeneza tu kitenge chake, akaondoka.

Niliomba kurudi Gitega, nikarudishwa. Shefu alikuwa amekwenda zake kwao. Nilifanya kazi miaka na miaka, mashefu wakaja wakaenda, asidi ikaondolewa, mashine ikaletwa. Jicho langu liliendelea kusifiwa. Nililala na kuamka na cherehani imefunikwa kitambaa chumbani, na sikuiuza, wala sikuruhusu mtu aikanyage pedali.

Miaka yangu ya mwisho kazini alikuja dokta kijana, Mrundi aliyekulia Tanzania ukimbizini. Alinisalimu "Shikamoo, mama" kila asubuhi, salamu ya Tanzania isiyo ya kwetu, mpaka wafanyakazi wenzangu wakaanza kuniita Shikamoo. Siku moja akaleta damu ya mwalimu mmoja mwembamba anayelalamika kifua. Nikaizungusha, nikaiinua.

"Dokta, usipoteze dawa ya kupimia. Huyu hana mafuta. Tazama."

Akatazama. "Ni safi kweli, mama. Lakini iweke tu mashineni, tafadhali."

Nikaiweka, kwa kununa. Karatasi ikatoka, kolesteroli iko juu kuliko zote tulizopima mwezi huo. Nikasema mashine imeharibika. Akairudia. Nambari ikawa ile ile.

"Haiwezekani," nikasema. "Mafuta mengi hivyo, mbona siyaoni?"

Akavuta kiti akanikalisha. Alikuwa na adabu, kijana yule. "Mama, mafuta na maji yanachanganyika?"

"Hata mtoto anajua. Hayachanganyiki."

"Na damu ni maji. Kwa hiyo mafuta hayawezi kutembea kwenye damu peke yake. Yanafungwa pamoja na protini, ndipo yanabebeka. Furushi hilo la mafuta na protini linaitwa lipoproteini."

"Kama mzigo na ngata," nikasema. Ngata ni kile kitambaa au majani tunayozungusha kichwani ili mzigo ukae.

"Enhe! Mzigo na ngata. Sasa mizigo iko ya aina nyingi. Ukila mbuzi, mwili unafunga mizigo mikubwa mikubwa. Hiyo inaziba mwanga, ndiyo weupe unaouona. Lakini kuna mizigo midogo sana, LDL, ndiyo inayobeba kolesteroli nyingi. Ni midogo kiasi kwamba mwanga unapita katikati. Inaweza kujaa kwenye damu, mama, na tyubu ikabaki inang'aa."

Nikaiinua tyubu tena dirishani. Alidhani sijaelewa, akaendelea. Alisema mizigo hiyo midogo inapenya kwenye ukuta wa mshipa, inakwama humo, inaoza. Askari wa damu, chembe nyeupe, wanakuja kuisafisha, wanakula, wanakula hadi wanavimba mafuta na kufia pale pale. Ukuta unafanya uvimbe ndani, njia inakuwa nyembamba. Mtu akipanda kilima moyo unaomba damu zaidi, haipiti, kifua kinabana. Akipumzika, kinaachia. Kisha siku moja uvimbe ule unapasuka, damu inaganda juu yake, mshipa unaziba kabisa. Kuna lipoproteini nyingine, HDL, inayookota kolesteroli na kuirudisha kwenye ini, lakini peke yake haiwezi kumaliza kazi ya mizigo mingi hivyo.

"Lakini mwalimu huyu hali nyama," nikasema. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Si chakula peke yake. Ini lina milango ya kuivuta mizigo hii kutoka kwenye damu. Kuna watu wanazaliwa na nusu tu ya milango, wamerithi. Hata awe mwembamba kama fimbo. Wengine unawatambua kwa macho: vidoa vya manjano kwenye kope, na mshipa wa kisigino nyuma unakuwa mnene, una vinundu. Mama? Mama Radhia, vipi?"

Nilimwambia. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia habari ya sinki. Hakunilaumu. Aliuliza, "Una watoto?" Nikasema wawili. Akasema, "Kila mmoja ni kama sarafu iliyorushwa: huenda amerithi, huenda hakurithi. Walete. Siku hizi kuna vidonge, si kama zamani."

Jumamosi hiyo nilipanda gari nikaenda Muyinga, kisha Gasorwe kwa miguu, nisimame mbele ya Mama Esperansi. Nilimkuta binti yake. Mama yake alikuwa ameshafariki. Binti akanikaribisha akanipa uji, nikaunywa wote, nikashindwa kusema nilichokuja kusema mpaka kikombe kikawa kitupu. Nilipomwambia, alikichukua kikombe, kisha akasema, "Mama alikuwa akisema, yule wa labo ana huzuni, mwacheni." Hayo tu.

Kwa watoto wangu nilikuwa mwoga zaidi. Niliwaambia, nendeni mkapime. Saidi, aliyekuwa fundi ujenzi, mwembamba kama baba yake, akacheka. "Mama, mi sina kitambi. Kolesteroli ni ya mabosi." Halima akasema atakwenda akipata nafasi. Walitaka sababu, na sababu yenyewe nisingeweza kuitoa bila kufungua ile sinki mbele yao. Watoto waliolelewa wakijua mama yao ana jicho la kuona ugonjwa. Niliwaamrisha mara nyingi, na amri zangu huwa hazirudi, lakini hii ilirudi, kwa sababu niliitoa nusu. Mwaka mzima ukapita hivyo.

Nikastaafu. Walinipa maua na kiti, Dokta Mkuu wa siku hizi akasoma hotuba, akasema jicho la Mama Radhia halitapatikana tena. Watu wakapiga makofi. Mi nikatazama sakafu.

Vijana, kustaafu ni kitu kigumu kuliko kuosha tyubu. Mikono inaamka saa kumi na mbili na haina cha kushika. Naikumbuka harufu ya labo ile ya kwanza, spiriti na sabuni ya masista, na sauti ya mpini wa Muyinga, na hesabu niliyokuwa nikihesabu moyoni. Nikipita hospitalini naona vijana wenye glavu, wanachukua damu na kuitia mashineni bila kuitazama. Mwanzo niliwadharau. Sasa nawaambia: itazameni, jicho lina kazi yake, litakuambia damu imepasuka, litakuambia ini. Lakini jicho lisiifunge kesi. Kazi yangu niliipenda sana, na nikaifanya vizuri siku elfu, na siku moja niliifanya kwa majivuno. Siku elfu zile haziwezi kuifuta hiyo moja. Hata hivyo naikosa kazi, naikosa kama mtu. Na mtu mwenyewe namkosa zaidi. Bado nalala upande wangu wa kitanda.

Wiki ya tatu ya kustaafu, jioni, jua halijazama, nyumba ilikuwa imejaa. Halima amekuja na wanawe, wake na waume wamekaa, sufuria iko motoni. Saidi alikuwa anapanda njia ya kwetu na mfuko wa mchele begani. Nilimwona kutoka kibarazani. Alifika nusu, akautua, akasimama, akageuka kutazama bonde. Bonde hilo amelijua tangu utoto, halina kitu kipya.

Alipofika nikamshika uso kwa mikono miwili, mbele ya mke wake na watoto. Vidoa vya kope vilikuwepo, vidogo, bado havijakolea.

"Kifua kinabana?"

"Kidogo, Mama. Nikipumzika kinaachia. Ni mchele huu, ni mzito."

Alikuwa na miaka arobaini. Nikaketi, nikawaambia wote wakae, nikasema: baba yenu hakupewa sumu. Nikawaeleza tyubu, dirisha, swali la Asistenti, gari la Gitega, sinki, bomba. Nikawaeleza mizigo na ngata. Sikulia, maana kama ningelia wangenifariji, na sikutaka kufarijiwa kabla hawajaelewa.

Halima ndiye aliyesema kwanza. "Miaka yote hii, Mama. Na Mama Esperansi ulimfanya muuaji."

"Ndiyo."

"Na sisi tukamwogopa njiani, tulikuwa watoto."

"Ndiyo, Halima."

"Ulijua tangu mwaka jana, na hukusema!"

"Ndiyo."

Akaondoka akasimama uani, mgongo umetugeukia. Hakuna aliyemfuata. Saidi alikuwa ameinamisha kichwa, anajigusa nyuma ya kisigino kwa kidole gumba, taratibu, anatafuta. Mwanawe mdogo akamwuliza, "Baba, unatafuta nini?"

Saidi akainua uso akanitazama. "Mama, mi naogopa."

Sijawahi kumsikia akisema neno hilo, hata alipokuwa na miaka kumi na miwili. Halima akalisikia kule uani, akarudi akakaa karibu na kaka yake, bado ana hasira na mi, na nikaona hasira hiyo ni haki yake, akae nayo kadiri anavyotaka.

Nikasimama. Nikasema, na sauti yangu ilikuwa ile ya labo:

"Sikilizeni wote. Leo mnalala hapa. Kesho asubuhi hakuna atakayewasha moto nyumba hii, hakuna chai, hakuna uji, mpaka mtu wa mwisho ametoa damu. Najua vijana siku hizi wanasema si lazima kukaa na njaa. Mi ni wa zamani, mtakaa na njaa. Halima, utaleta watoto wote, hata anayenyonya atakuja mgongoni. Hakuna kumwangalia mtu na kusema huyu ni mzima. Na we Saidi, utatangulia, sisi tutakuwa nyuma yako. Utapanda polepole. Ukichoka simama, na sote tutasimama."